Lita sita za chai na jina la kuulizia nyumbani

Kiswahili hakina "yeye" wa kike na "yeye" wa kiume. Amekuja, amekaa, anasema, basi. Ukilifikiria hilo unaweza kudhani kwamba kundi la kusaidiana la watu transi, yaani watu ambao jinsia wanayojijua nayo si ile waliyoandikiwa walipozaliwa, likizungumza Kiswahili halina taabu ya kukosea jinsia ya mtu. Taabu ipo, ila imehamia pengine. Imo kwenye kaka na dada, mama na mzee, bwana na bibi. Imo hata kwenye vitenzi: mwanaume huoa, mwanamke huolewa, na ukimuuliza mwanaume transi, yaani mwanaume aliyeandikiwa mwanamke alipozaliwa, "utaolewa lini?" umeshamuumiza mbele ya watu bila kutaja jinsia hata mara moja. Hapa Nairobi, ambapo sentensi moja hubeba Kiswahili, Sheng na Kiingereza, kosa hupenya zaidi pale mtu anaporukia Kiingereza katikati ya maneno.

Kwa sababu hiyo swali la mlangoni mwa kikao linatakiwa kuwa na sehemu mbili: "Tukuite nani? Na tukuite dada, kaka, au jina tupu?" Ni swali fupi, linaulizwa kwa kila mtu, wa zamani na mgeni, kila kikao. Likiulizwa kwa wageni peke yao linageuka kuwa mtihani. Likiulizwa mara moja tu na kuandikwa daftarini, linamfunga mtu aliyebadilisha jina tangu mwezi uliopita, na wanaobadilisha ni wengi, kwa kuwa mtu hujaribu jina kama anavyojaribu kiatu. Shikamoo nayo inasaidia sana siku ya kwanza, maana inaangalia umri tu.

Kosa likitokea, lirekebishwe kwa pumzi moja: "Dada… samahani, kaka amesema tuanze na nauli." Mazungumzo yaendelee. Kinachoharibu ni msamaha mrefu. Aliyekosea anaanza kujieleza, anashika kichwa, anasema hakukusudia, na aliyeumizwa ndiye anayejikuta akimbembeleza. Akiwa mtu wa tatu ndiye aliyesikia kosa, arekebishe hapo hapo kwa sauti ya kawaida, asimsubirie mwenyewe ajitetee. Likirudiwa mara tatu na mtu yule yule, mwezeshaji amwite pembeni wakati wa chai. Asimfanyie hivyo katikati ya duara.

Tunaanza na lugha kwa sababu wengi wanaotaka kuanzisha kundi la kusaidiana huanzia kwenye kauli: hapa kila mtu anakubalika. Kauli ni nzuri, lakini mtu aliyefukuzwa kwao ameshasikia kauli nyingi. Anachopima akiingia ni kiti, choo, nauli, na jina lililoandikwa kwenye karatasi.

Ukumbi, kwa mfano. Majengo mengi ya katikati ya jiji yana askari langoni mwenye daftari la wageni, anayetaka kitambulisho na mara nyingine kukishikilia mpaka utoke. Kwa mwanamke transi ambaye kitambulisho chake kina jina la kiume na picha ya zamani, kikao kimeishia hapo langoni. Unapokagua ukumbi, usianze na bei. Ingia kama mgeni wa kawaida, bila kupiga simu kabla, uone utakavyoulizwa. Kama kitambulisho ni lazima, ongea na msimamizi mkubaliane orodha ya majina ambayo watu wanaitwa, kisha mmoja wenu akae langoni tangu nusu saa kabla awapitishe wenzake. Msimamizi akikataa, tafuta pengine hata kama ni ghali zaidi.

Jambo la pili ni choo. Kinachofaa ni chumba kimoja chenye mlango unaofungika kwa ndani. Vyoo vya safu vyenye picha ya sketi upande huu na suruali upande ule huwafanya watu wakae na kiu. Hili si dogo. Wapo wanaotoka nyumbani asubuhi na kukaa bila kunywa tone la maji hadi jioni kwa kuogopa choo cha nje, na matokeo yake ni maambukizi ya njia ya mkojo yanayojirudia. Mtu akikataa chai mara mbili, kagua choo kwanza kabla ya kudhani kwamba hapendi kujumuika.

Na chai yenyewe ihesabiwe. Watu 15, kila mmoja vikombe viwili vya mililita 200, ni lita 6: maziwa lita 3, maji lita 3, majani vijiko vikubwa sita hivi, tangawizi ya kuponda, sukari ikae pembeni kila mtu atie yake. Mandazi 40. Mayai ya kuchemsha 20, kwa sababu kuna atakayefika hajala tangu jana, na yai linaweza kuliwa bila kuomba. Chakula kiwe mezani watu wanapoingia, kisisubiri mwisho: mwenye njaa hasikii maneno, na mwenye aibu anapata kitu cha kushika mkononi. Ramadhani ikifika, sogezeni kikao kifuate futari, au kiwe kifupi bila chai, ili waliofunga wasiketi wakitazama vikombe vya wenzao. Kuhusu maombi ya kufungulia kikao, kundi lenye Waislamu, Wakristo na walioumizwa na mahubiri linafaa zaidi na dakika moja ya kimya, kila mtu na lake moyoni.

Muda mzuri ni Jumamosi saa nane hadi saa kumi na nusu, ili wa mbali wafike kwao kabla ya giza.

Mgeni asiletwe moja kwa moja ukumbini. Kwanza simu, kisha wanachama wawili wakutane naye mchana kwenye hoteli yenye watu, nusu saa inatosha. Muulizeni: nani amekuelekeza kwetu? Unaishi na nani? Tukikupigia, nani mwingine hupokea simu yako? Ujumbe tukikuandikia unasomwa na wengine? Hayo yanalinda pande zote mbili, maana wapo wanaojipenyeza ili wapate picha na majina, kisha waanze kudai pesa. Dalili yao huwa wazi: anauliza kikao kiko wapi na nani huja, kabla hajasema neno moja kuhusu nafsi yake.

Yasiyoulizwa ni muhimu kuliko yanayoulizwa. Usimuulize kama amefanyiwa upasuaji, kama anatumia homoni, alianza kujijua lini, anapenda nani. Usimtake alete picha za zamani. Kundi linalodai uthibitisho mlangoni huwafundisha wanachama wake kushindana, nani ni transi wa kweli na nani anajaribu tu, na ushindani huo hauondoki tena. Yuko ambaye hajui bado. Yuko anayejua vizuri kabisa lakini anaishi na wazazi na hatavaa gauni mwaka huu wala ujao. Wote wawili wana kiti.

Hapo ndipo chumba cha kubadilishia nguo kinapohitajika, na katika kundi la watu wanaoishi na familia, chumba hiki kina thamani kuliko mada yoyote utakayoleta. Fungua dakika 30 kabla ya kikao na ukiache wazi dakika 30 baada. Weka kioo cha urefu wa mtu, ndoano ukutani, na kasha moja lenye pini, sindano na uzi mweusi na mweupe, wembe mpya uliofungwa, pedi (wanaume transi wengi wanazihitaji na dukani wanaona haya), pamba, kiondoa rangi ya kucha, mafuta ya mtoto na vitambaa vya maji. Makosa hutokea wakati wa kuondoka. Wanja hautoki kwa maji na sabuni. Unatoka kwa mafuta ya mtoto yaliyoachwa dakika moja juu ya kope, kisha yafutwe kwa pamba kutoka ndani kwenda nje. Rangi ya kucha hubaki kwenye pembe za ukucha, angalieni kwenye mwanga wa dirisha. Manukato yasipulizwe ndani ya chumba hicho hata kidogo, kwa sababu yanashika nguo za kurudia nyumbani na hayana wa kuyafuta. Mtu mmoja wa zamu awe mlangoni kuwakagua wanaoomba kukaguliwa: uso, kucha, masikio, begi.

Kifua nacho kinahitaji kusemwa bila kuzunguka. Wanaume transi wasio na pesa ya binda, ile fulana maalumu ya kubana kifua, hutumia bendeji au selotepu. Bendeji hukaza zaidi kadiri mtu anavyopumua na kusogea, nayo inaweza kuumiza mbavu. Selotepu hung'oa ngozi. Afadhali sidiria ya michezo ya saizi yake halisi, iliyopimwa kwa futi ya fundi kuzunguka kifua, pamoja na shati pana la rangi nyeusi juu yake. Hata binda nzuri isizidi saa 8 kwa siku, isilaliwe, isivaliwe kwenye mazoezi, na siku moja au mbili za wiki kifua kipumzike kabisa. Ganzi, pumzi fupi au maumivu ya kuchoma mbavuni ni amri ya kuivua hapo hapo. Mombasa na Kisumu joto huleta vipele chini yake: singleti nyembamba ya pamba ndani, na ngozi ikauke vizuri kabla ya kuvaa tena. Mwezeshaji anayejua haya humkumbusha mtu aliyevaa tangu alfajiri kwamba chumba kipo, akapumue.

Homoni ni eneo ambalo kundi linatakiwa kujizuia. Watu watagawana vidonge, watauliza dozi, watasifu dawa za kupanga uzazi kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Vidonge vingi vya kupanga uzazi vina aina ya estrojeni inayoongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, na anayemeza vingi kwa pamoja huku anavuta sigara anajiongezea hatari hiyo. Testosteroni nayo huweza kufanya damu iwe nzito, ndiyo maana vipimo vya damu havikwepeki. Kazi ya kundi ni kutunza orodha ya madaktari wanaowapokea watu kwa heshima, kumsindikiza mtu siku ya kwanza, na kukataa kabisa sindano moja kupita mikononi mwa wawili. Msiwe duka la dawa.

Sasa pesa, maana makundi mengi yanaumiza watu kupitia pesa bila kujua. Ukimtumia mtu kwa M-Pesa, simu inakuonyesha jina lake lililosajiliwa kabla hujakamilisha. Maana yake namba ya simu ni kitambulisho kingine. Mtu anayeitwa jina lake jipya kwa miezi sita ndani ya kundi anavuliwa jina hilo siku ya mchango, na aliyetuma wala hakutaka kujua. Michango ya chama, hata ikiwa shilingi 100 kwa mwezi, ikusanywe mkononi kikaoni, au itumwe kwa mweka hazina mmoja aliyeapa kutunza siri, anayeandika daftarini jina ambalo mtu anaitwa kundini kisha anafuta ujumbe. Nauli zirudishwe kwa bahasha, kila mtu yake, zikigawiwa wakati mmoja ili asionekane nani ana shida. Matatu haitoi risiti, kwa hivyo msiidai. Pangeni viwango vitatu kwa umbali, na mvua ikinyesha ongezeni, kwa sababu nauli ya jioni ya mvua hupanda hapo hapo steji.

Wafadhili nao hutaka orodha ya waliohudhuria: jina kamili, namba ya kitambulisho, simu, sahihi. Kubalianeni nao mapema, kabla pesa hazijapokelewa, kwamba orodha itakuwa na namba ya mshiriki na jina analoitwa kundini peke yake. Karatasi hiyo ikisahaulika kwenye matatu, imebeba nyumba 15.

Kwenye simu ni vilevile. Kundi la kawaida la WhatsApp humwonyesha kila mwanachama namba za wote, na mkishajua habari ya M-Pesa mnaelewa namba inafikisha wapi. Kwa matangazo tumieni orodha ya kutuma kwa pamoja, ambapo kila mtu hupokea peke yake bila kuwaona wengine. Sharti ni kwamba awe amehifadhi namba ya mtumaji. Jina la kundi liwe la kawaida, kama la chama chochote cha mtaa. Washeni ujumbe unaojifuta baada ya siku 7. Picha hazipigwi kikaoni, hata ya keki ya kuzaliwa, kwa sababu nyuma ya keki huwa kuna mtu.

Kikao chenyewe hakina uchawi. Wawezeshaji wawili, mmoja anaongoza, mwingine anatazama nyuso. Duara moja, viti sawa, kimoja kiachwe karibu na mlango kwa anayetaka kuhisi kwamba anaweza kutoka. Kila mtu dakika tatu, na neno "napita" linaheshimiwa bila kuulizwa sababu. Ushauri hautolewi mpaka uombwe. Kanuni hii ya mwisho huvunjwa kila mara, na kila mara mwezeshaji aikumbushe, kwa sababu mtu anayesema mama yake amemkataa hajaomba mbinu tano za kuongea na mama.

Kukataliwa hutokea pia ndani ya kundi, tusifichane. Yule ambaye mtaani hatambuliki kuwa transi huanza kumkwepa anayetambulika, asije akamponza. Wanaume transi wakiwa watatu kati ya kumi na watano, sauti zao humezwa. Wapeni kikao chao mara moja kila miezi miwili, na zamu ya kuongoza. Wakimbizi hufika kutoka Uganda, hasa tangu sheria ya kupinga mapenzi ya jinsia moja ilipotiwa saini huko Mei 2023, wengine Burundi na Kongo. Mrundi na Mkongo watawaelewa, lakini Kiswahili chao si cha Nairobi na Sheng inawaacha nje kabisa. Mtu mmoja aketi karibu nao, na utani wa haraka haraka ufafanuliwe. Kicheko usichokielewa, katika chumba ulichokuja kutafuta amani, huuma.

Wazazi wasiletwe kwenye kikao cha kawaida hata kama wana nia njema, kwa sababu wanachama hunyamaza wote. Watengewe siku yao, kila miezi mitatu, na wakutane kwanza na mzazi mwenzao, sio na kijana mwenye hasira. Wanaoamini ni ugonjwa wa akili wanastahili kuelezwa kwamba Shirika la Afya Duniani liliiondoa hali hii kwenye orodha ya magonjwa ya akili katika ICD-11, toleo jipya la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika mwaka 2022. Kisha ombeni jambo moja dogo, si kumi: mama abadilishe jina la mtoto kwenye orodha ya simu yake. Ataliona kila akipigiwa, na ulimi utafuata polepole.

Kwa nyaraka, tengeni kikao kimoja kwa mwaka na wakili awepo. Jina hubadilishwa Kenya kwa hati ya kubadili jina (deed poll), inayosajiliwa na kutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la serikali, ndipo mtu aombe kitambulisho kipya. Watu hukwama kwa kukimbilia kitambulisho huku benki, ushuru, bima ya afya na laini ya simu zikibaki na jina la zamani. Andika orodha ya zote kwanza. Vyeti vya shule vina njia yake: mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke transi, cheti kipya chenye jina lake, kisicho na alama ya jinsia. Herufi ya jinsia kwenye kitambulisho bado ni vita. Na kila mwanachama ajue Ibara ya 49 ya Katiba: akikamatwa aelezwe sababu mara moja kwa lugha anayoielewa, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Namba ya wakili iandikwe kwenye karatasi, maana simu ndiyo huchukuliwa kwanza.

Mtu akisema kikaoni kwamba amechoka kuishi, muulize waziwazi: unafikiria kujiua? Kuuliza hakumpandikizii wazo. Mwezeshaji wa pili atoke naye, akae naye, asimwache aende peke yake. Zamani watu waliogopa kumkimbiza hospitali kwa sababu kujaribu kujiua lilikuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kifungu hicho kinakiuka Katiba. Hofu bado ipo midomoni mwa watu, kwa hivyo elezeni jambo hili hata kama hakuna aliyeuliza.

Kuondoka ni wawili wawili, kwa kupishana dakika tano, kila jozi kuelekea steji yake. Kila mtu akifika anaandika neno moja, "nimefika", na mwezeshaji wa zamu haweki simu chini mpaka wa mwisho aandike. Nusu saa ikipita kimya, apige. Isipopokelewa, apige namba ya dharura iliyoandikwa daftarini, na pembeni ya namba hiyo lazima kuwe na safu ambayo makundi mengi huisahau: nikipiga huku, nimuulizie kwa jina gani? Dada mmoja ataulizwa kwa jina lake mwenyewe kwa sababu anaishi na rafiki anayejua. Mwingine, mama yake akipokea, itabidi aulizwe kwa lile jina la zamani ambalo ndani ya ukumbi hakuna anayelitamka, na anayepiga ajitambulishe kama mwenzake wa kazini. Safu hiyo ijazwe na mwenyewe, kwa mkono wake, na aulizwe tena kila kikao kama bado iko hivyo.